Mwaka wa Karatasi Mbichi

Mpaka leo, barua ikiletwa hapa nyumbani, kabla sijampa mjukuu wangu anisomee, huigusisha kwanza kwenye mdomo wa chini. Wajukuu hucheka, husema bibi anaibusu barua. Siibusu. Naipima. Mimi ni mtu wa kushuku. Chai nikipewa nainusa, mgeni akisema anatoka Lindi namuuliza kapita njia ipi, na hata imamu akitangaza mwezi umeandama natoka uani kuutafuta kwa macho yangu. Lakini mazoea haya ya karatasi niliyapata katika mwaka mmoja tu, mwaka wa vita vya maji, nilipokuwa mke wa Faraji na mtunza hewa katika karakana ya kuchapia ramani pale Kilwa Kivinje. Sikuwa na nia ya kuusimulia mwaka huo. Faraji na mimi tuliachana ulipokwisha, nikaolewa kwingine, nikazaa, nikazika. Ila mwezi uliopita, mvua ikinyesha, alibisha hodi mwanamke wa makamo aliyelowa hadi magotini, kajitanda kaniki, na kifurushi amekikumbatia kifuani.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Zuhura binti Faraji, natoka Rutamba. Baba ametutoka, leo siku ya kumi na nane."

Nilisema maneno yanayosemwa, nikamkaribisha barazani, nikamtazama. Alikuwa na macho ya baba yake, yale ya kutulia juu ya kitu mpaka kitu chenyewe kione haya. Nikajiuliza anataka nini. Urithi hapa hana, na mtu hatembei kutoka Rutamba katika tope lile kwa ajili ya salamu. Akaweka kifurushi mkekani akasema baba yake aliagiza kinifikie mkononi, asipewe mtu mwingine. Sikukifungua. Nilimletea kwanza wali na kisamvu, nikakaa nikimwangalia akila, na huku yeye anatafuna mimi nilikuwa nimekwisha rudi Kivinje, katika kile chumba kilichonuka wino, chokaa na makaa.

Karakana ilikuwa nyumba ya mawe ya tajiri mmoja aliyehama, kuta nene kiasi cha mkono mzima, milango ya kuchonga. Wajerumani waliondoa vitanda na makochi ya tajiri wakaweka mtambo wa chuma katika chumba kikubwa na karatasi katika chumba cha ndani. Ramani zilizochapwa pale hazikuwa vijikaratasi. Moja ilitosha kutandikwa juu ya kitanda cha kamba, na ilichapwa kwa mawe, mawe laini ya manjano yaliyotoka Ulaya, kila moja likibebwa na wanaume wanne. Jiwe la kwanza lilitia rangi nyeusi, yaani njia na majina ya vijiji. Jiwe la pili lilitia buluu, mito. La tatu hudhurungi, vilima. Karatasi ile ile ilipita chini ya mtambo mara tatu, na kati ya mara moja na nyingine zilipita siku, pengine majuma. Hapo ndipo ilipokuwa kazi yangu. Hewa ya Kivinje ina bahari mbele na mikoko ubavuni, na karatasi ni kama ngozi ya ngoma: mvua ikija inavimba, kusi ikivuma inanywea. Ukichapa njia siku kavu na mito siku mbichi, mito haitaangukia mahali pake.

Bwana aliyesimamia tulimwita Bwana Unyevu, kwa sababu neno hilo ndilo lililomtoka tangu asubuhi hadi jioni. "Unyevu! Nani amefungua dirisha? Unyevu!" Alikuwa mtu mwembamba mwenye uso mwekundu, mkali lakini si mshenzi, na alikuwa na chombo ukutani cha duara kama saa, ndani yake umefungwa unywele wa mwanamke wa Kizungu. Unywele ukilegea hewa ni mbichi, ukikaza hewa ni kavu, na mshale ukaonyesha. Mzee Athumani, aliyesugua mawe kwa mchanga na maji, hakukubali kukaa chini ya chombo kile. Alisema hajaona duniani mtu akafungwa nywele katika kisanduku kwa heri. Mimi nilimcheka, lakini nami nilipopita pale nilisoma kitu kidogo kimoyomoyo.

Mimi niliingia karakana kwa sababu ya udi. Masika ya mwaka ule yaliziharibu karatasi nyingi, na Faraji, aliyekuwa fundi wa mtambo, akamwambia bwana wake kuwa mkewe anajua kukausha. Ni kweli nilijua. Mwanamke wa pwani hutandaza nguo juu ya kile kitanda kidogo cha ufito, chetezo chini, na anajua moto kiasi gani unaikausha kanga bila kuiunguza. Nikaletwa. Nikaweka seredani mbili za makaa yaliyokwisha kuvaa majivu, nikazungushia sinia za chokaa isiyozimwa kwenye pembe za chumba ili chokaa inywe maji ya hewani, nikatundika karatasi kambani na kuzigeuza mara kwa mara. Bwana Unyevu akasimama mlangoni siku nzima akitazama mshale wake unavyosogea upande wa ukavu, na jioni akaniuliza jina. Toka siku hiyo chumba cha ndani kikawa changu. Wakati wa kiangazi nilifanya kinyume chake, nikatundika shuka zilizochovywa maji na kunyunyiza sakafu, karatasi zisije zikakakamaa.

Mshale ule haukudumu. Chumvi ilikula vyuma vyake ukaganda mahali pamoja, na kingine kutoka Ulaya hakikufika. Faraji akanifundisha kipimo chake mwenyewe. Alichukua pembe ya karatasi akaigusisha kwenye mdomo wake wa chini akaivuta polepole. "Ikinata, mbichi. Ikiteleza, kavu. Mdomo haujui kusema uongo, Hawa." Nikamjibu kwamba kama hivyo ndivyo basi mdomo wake na wangu haikuumbwa siku moja, akacheka mpaka akashika jiwe. Nakumbuka alivyocheka kwa sababu baadaye nilimnyima kicheko hicho.

Siku nyingine, tukila mihogo ya kuchemsha na papa mkavu karibu na mtambo, alinionyesha vijisalaba. Katika kila pembe ya ramani, na katikati ya kila upande, palichapwa kijisalaba kidogo, na kila rangi ilichapa cha kwake. Vikilaliana, ramani ni sawa. Nilimtania kwamba ametuleta kanisani. "Sikiliza," akasema, "hivi ndivyo vinavyosema kosa ni la nani. Jiwe likiwekwa vibaya, vijisalaba vyote vinahama pamoja, kiasi kile kile, upande mmoja. Hilo ni kosa langu. Karatasi ikivimba, hapa inaposhikwa na mtambo vijisalaba vinalaliana, katikati vinaachana kidogo, na kule mwisho vinaachana sana. Hilo ni kosa lako." Nikamwambia basi na aombe visinisengenye. Alitikisa kichwa, akaendelea kula.

Kisha vita vikaanza huko vilimani Matumbi, na Faraji alikuwa mtu wa vilima vile vile. Hewa ya karakana ikabadilika, na hiyo haikuwa hewa niliyoweza kuikausha kwa chokaa. Watu walisema kuna maji huko yanayogeuza risasi. Nami kazi yangu kiangazi ilikuwa kunyunyiza maji! Askari mmoja alinikuta asubuhi nanyunyiza sakafu kwa mkono, akanielekezea bunduki na kuniuliza nasoma nini. Nikamjibu sisomi, nalowesha sakafu ya bwana wake. Hakuamini hadi Bwana Unyevu alipotoka na kumfukuza, lakini hata yeye alirudi nyuma kidogo akayatazama maji katika kata yangu. Kuanzia hapo kila mtu alimchunguza mwenzake. Mzee Athumani alinong'ona kwamba Faraji anaacha mlango wa nyuma wazi. Faraji alinong'ona kwamba Mzee Athumani hupeleka maneno bomani. Nami nikaanza kusikiliza milangoni, kazi niliyoonekana kuzaliwa nayo.

Ndipo nikamkuta mume wangu na muuza asali. Walikuwa wamechuchumaa uani kwetu wakizungumza Kimatumbi, upesi na kwa sauti ya chini. Mimi ni mtu wa pwani, Kimatumbi sikijui. Niliambulia jina la mto na neno Kivinje. Waliponiona wakanyamaza, na muuza asali akasimama akaniuliza hali kwa adabu nyingi mno.

"Mlikuwa mkisema nini?" nikamwuliza Faraji alipoondoka yule mtu.

"Habari za nyumbani."

"Habari za nyumbani zina mto?"

"Nyumbani kwetu kuna mto, Hawa. Ungetaka niuhamishe?"

Alisema kwa kutania, lakini maneno yale niliyaweka. Mpaka leo sijui walizungumza nini. Niliyaweka nikawa nayatoa kila siku kuyatazama, na kila nilipoyatazama yalikuwa yameongezeka.

Ramadhani ya mwaka ule iliingia pamoja na mvua za vuli. Bomani waliharakisha, walitaka ramani mpya ya nchi ya nyuma ya Kilwa, na rangi nyeusi ilikuwa imekwisha chapwa wakati wa kusi, karatasi zikiwa kavu kabisa. Zilibaki rangi za mito na vilima. Bwana Unyevu alikuwa kitandani na homa, amejifunika mablanketi mawili, anaulizia unyevu katika usingizi. Kila kitu kilikuwa juu yetu. Sasa, kipimo chetu kilikuwa mdomo, na Mzee Athumani alikuwa amesema mbele ya wote kwamba gundi iliyo katika karatasi za Kizungu huchemshwa kwa kwato, na hakuna aliyeziona kwato hizo kuwa ni za mnyama gani. Basi mfungo ulipoanza sikuipeleka tena karatasi mdomoni. Nilitumia shavu.

"Shavu linadanganya," Faraji akaniambia.

"Lako labda."

Kwa majuma mawili ya kwanza nilijitahidi, nikazidisha chokaa, nikabahatisha vizuri. Kisha nikaingia katika siku zangu. Mwanamke aliye katika siku zake hafungi, kila mtu analijua hilo, lakini hakuna mwanamke anayelitangaza. Nilikuwa nakula kiporo cha muhogo nyuma ya mlango wa jiko, natafuna mdomo umefungwa, kisha nakwenda kazini na uso wa mfungo. Siku hizo sita hapakuwa na mfungo wa kunizuia kuipima karatasi kwa mdomo. Lakini Mzee Athumani alisugua mawe yake mkabala na mlango wangu, na macho yake hayakuwa na kazi nyingine. Angeniona naweka karatasi ya kwato mdomoni mchana wa Ramadhani, angejua, na kila mtu angejua. Niliona haya. Ningeweza kugeukia ukutani. Sikugeuka. Niliweka karatasi shavuni, nikasema "Kavu," na katika siku hizo sita ndipo ulipochapwa mto.

Ramani zilichukuliwa bomani wino haujakauka vizuri, vilima bado havijachapwa. Haikupita muda kikosi kikaenda nazo zote ndani, kikafuata njia hadi mahali palipoandikwa kivuko, kikakuta kina kirefu na watu wakiwasubiri ng'ambo. Waliorudi walikuwa wachache. Ofisa wao alikuja karakana na mkono umefungwa kitambaa, akatandika ramani yake iliyochanika, imebaki kipande kimoja tu kisicho na kingo wala vijisalaba, juu ya jiwe. Mto ulikuwa umehama upana wa ukucha mzima. Alisema kwa Kiswahili chake kizito, "Nani amehamisha mto?" Mimi niliyasikia tena maneno ya uani, ungetaka niuhamishe.

Bwana Unyevu alikuwa amenyanyuka kutoka homani, mweupe kama karatasi zake. Alisema ama jiwe limewekwa vibaya, ama karatasi ilivimba. Akanigeukia, taratibu, kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia. "Mwanahawa. Karatasi ilikuwa kavu?"

Ofisa alikuwepo, askari wake, Mzee Athumani na jiwe lake. Faraji alikuwa amesimama karibu na gurudumu la mtambo, ananitazama. Yeye ndiye mtu pekee pale aliyejua nilikuwa katika siku zangu, maana alikuwa mume wangu, na alijua kwamba nilipima kwa shavu. Nikasema, "Kavu, bwana."

Bwana Unyevu akasema vyema, vijisalaba vitasema. Kulikuwa na ramani moja nzima iliyowekwa akiba kwenye mtoto wa meza kubwa. Ofisa atakuja kesho waikague pamoja. Jioni ile tulifuturu uji wa mtama na tende. Mimi nilikuwa nikihesabu vijisalaba kichwani, najua kesho vitanitaja kwa jina. Faraji alikunywa uji wake, akaosha bakuli mwenyewe, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akasema amesahau kitu karakana, akatoka kabla ya adhana ya isha. Asubuhi ramani ya akiba haikuwepo. Ufunguo alikuwa nao yeye.

Nitasema ukweli wa nilivyohisi, kwa sababu nimezeeka na sina wa kumwogopa tena. Nilipumua. Nilisema moyoni, kumbe ni yeye. Kumbe karatasi yangu ilikuwa kavu, shavu halikunidanganya, na ni mume wangu aliyelisogeza jiwe kwa ajili ya watu wake, na sasa ameuficha ushahidi. Mtu asiye na kosa ataiba ramani ya nini? Muuza asali, mlango wa nyuma, yale maneno ya mto, vyote vikapata mahali pa kukaa. Walipomuuliza ramani iko wapi alisema, "Sijui." Walipekua nyumba yetu hadi chungu cha mchele. Sijui aliificha wapi. Ofisa alitaka kamba, na siku zile kamba ilitolewa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Bwana Unyevu alisimama akabishana naye kwa Kijerumani muda mrefu, akigonga meza, na tulivyofasiriwa ni kwamba bila vijisalaba hawezi kuapa kosa ni la jiwe. Basi hakunyongwa. Alipigwa viboko ishirini na vitano mbele ya boma, akatiwa mnyororo.

Kila Ijumaa wafungwa walipita mbele ya karakana wamebeba mawe, shingo kwa shingo, na kila Ijumaa Faraji aligeuza uso kuelekea dirisha la chumba changu. Nilidhani ananiomba chakula. Mara moja nilimpelekea mkate wa kumimina, askari akaula. Mara nyingine zote nilifunga dirisha, nikajiambia nazuia unyevu.

Alipofunguliwa nilikuwa nimekwisha hamia kwa shangazi yangu. Alikuja, amekonda, shingo ina alama ya chuma. Nilimwambia nyuma ya pazia kwamba siwezi kulala na mtu aliyenifanya nitazamwe na bunduki, naitaka talaka yangu. Nilingoja anikaripie. Nilikuwa na majibu mengi tayari.

Alisema tu, "Karakana bado wanakuhitaji?"

"Wananihitaji."

"Alhamdulillahi," akasema. Akaniandikia talaka siku hiyo hiyo, akaenda bara. Nilimwona mnafiki. Miaka yote hii nilipotajiwa Rutamba nilisema huko anakaa mtu aliyehamisha mto.

Zuhura alimaliza kula, akanawa. Akanisukumia kifurushi tena kwa upole, kama mtu anayemlisha mtoto asiyetaka. Nikafungua. Kitambaa cha kwanza, cha pili, ngozi ya mbuzi, na ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nyingi, mikunjo imeanza kukatika. Niliijua kabla sijaikunjua. Tuliitandika juu ya kitanda changu cha kamba, yeye kashika pembe mbili, mimi mbili, nayo ikakijaza kitanda chote kama zamani. Njia nyeusi, mito ya buluu.

Sikutazama mto. Nilikwenda pembeni. Upande wa mtambo, vijisalaba viwili vilikuwa vimelaliana, cheusi na cha buluu, usingedhani ni viwili. Nikajivuta kwa mkono juu ya kitanda hadi katikati: vimeachana, pangeweza kupita uzi. Nikazunguka hadi mwisho kabisa, nikainama kwa sababu macho yangu si yale. Kati ya cheusi na cha buluu nikaweka ukucha wa kidole gumba, ukaenea.

Angewaonyesha hii, angekwenda nyumbani. Mimi ndiye ningekwenda na mnyororo, au na kamba. Alinisikia nikisema kavu, akala futari yangu, akaosha bakuli, akaenda kuiiba. Na alipokuwa akigeuza uso kila Ijumaa kuelekea dirisha langu, alikuwa akitazama kama bado nipo.

Nilikaa kitandani pembeni mwa ramani. Zuhura akashtuka, akadhani ameniletea kitu kilichoharibika. "Mvua imenipiga njia nzima, mama mkubwa," akasema. "Nilijitahidi kuikumbatia. Iko kavu?"

Nikachukua pembe ya karatasi, nikaiweka kwenye mdomo wa chini, nikaivuta polepole. Ikanata.

"Mbichi, mwanangu," nikamwambia. "Ilikuwa mbichi."